Kovu Lisilokuwemo Kitabuni

Hebu niambie, wewe uliyekishika kitabu hiki: yule mwanamume uliyempenda katika hadithi fulani zamani, uso wake uliutoa wapi? Mwandishi alikupa shati lake, labda na namna yake ya kutembea. Macho je? Na ile sauti uliyoisikia akiongea, nani alikupa? Usinijibu upesi. Kaa nalo swali hilo kwanza, maana binti ninayetaka kukusimulia hakuwahi kujiuliza, na kutojiuliza kwake ndiko kulikomponza.

Binti huyo alikuwa mshona vifungo katika karakana ya sare. Kilikuwa chumba kirefu, madirisha upande mmoja tu, na cherehani zilipangwa safu mbili zikitazamana kama ndugu waliogombana halafu wakalazimishwa kula meza moja. Mwisho wa chumba palikuwa na meza ya kukatia, mbao zake zimelainika kwa miaka mingi ya kusuguliwa na vitambaa. Hapo alitawala Mama Mkasi, mwenye karakana, mjane mnene mwenye tepu ya kupimia shingoni na pini zimechomekwa begani. Kwenye dirisha la mwisho alisimama dada wa pasi, mwembamba, mwenye ulimi uliokuwa na moto kuliko hiyo pasi yenyewe.

Karakana ile ilikuwa na utaratibu wake. Kila siku baada ya chakula cha mchana, Mama Mkasi alizima cherehani zote, na ukaingia muda waliouita saa ya sindano. Hapo ni kazi za mkono tu: vifungo, pindo, kukata nyuzi zinazoning'inia. Na kwa kuwa chumba kilikuwa kimya, mmoja wao aliwasomea wenzake riwaya, na vifungo vyake wakagawana waliobaki. Aliyechaguliwa ni binti huyu, tangu siku aliposoma maelezo ya kufua yaliyobandikwa kwenye boksi la vitambaa. Maji ya vuguvugu, usisugue, anika kivulini. Aliyasoma hivi hivi tu, lakini Mama Mkasi aliweka mkasi chini na kumwomba arudie. Tangu hapo wakamwita Sauti, na jina likamganda.

Riwaya waliyokuwa wakiisoma msimu ule ilikuwa ya mchimba visima mmoja aliyefika kwenye nyumba ya madada watatu, akaajiriwa kuchimba, na akapendwa na dada wa kati, mfuga kuku. Mwandishi wake alikuwa mchoyo. Kuhusu mchimba visima alisema ni mtu wa makamo, mpole, asiyependa maneno mengi, akaishia hapo. Urefu hakusema, wala rangi, wala pua.

Uchoyo huo ulikuwa ni uchokozi. Mama Mkasi alishikilia kwamba mchimba visima alikuwa mnene kidogo, mtu wa kucheka mpaka tumbo likatikisika. Wote walijua anamsema marehemu mumewe, lakini hakuna aliyemwambia. Dada wa pasi alikataa katakata. Wake yeye alikuwa mrefu, mwenye shingo, mwenye meno ya kupigia picha.

"Mtu mnene ataingiaje kisimani?" aliuliza dada wa pasi.

"Anachimba kipana," alijibu Mama Mkasi, na hakutazama juu.

Sauti alicheka pamoja nao na hakutia neno. Yeye hakuwa na la kubishana. Alimwona mchimba visima tangu ukurasa wa kwanza, wazi kabisa, kama mtu anayemwona jirani yake akivuka barabara.

Sasa nikujulishe kwa fundi wa cherehani. Huyu aliitwa kila mashine ilipoanza kulalamika. Wanawake walimwita Bisibisi, maana kifaa hicho hakikumtoka mfuko wa shati. Bega lake moja lilikuwa limeshuka kidogo kwa uzito wa sanduku la vifaa. Kovu jembamba lilikata nyusi yake ya kushoto. Springi ilimrukia enzi akijifunza kazi. Kabla hajagusa mashine yenye nguo ya mtu, alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, akianzia kidole cha mwisho. Na skrubu alizibana midomoni, kwa hiyo ukimwuliza kitu wakati wa kazi alikujibu kwa nyusi.

Alizoea kuja saa ya sindano, mashine zikiwa zimezimwa. Hilo lilikuwa na maana, ni kazi. Ila dada wa pasi aliwahi kusema kwamba mashine zinazotengenezwa saa hiyo huchelewa kupona kuliko nyingine, na akauliza kama kuna anayejua ni ugonjwa gani. Fundi alikuwa chini ya meza, miguu tu ndiyo iliyoonekana. Miguu ile ilitulia kabisa.

Kati ya Sauti na fundi maneno yalikuwa machache. Fundi, hii inakata uzi. Ilete nione. Basi. Lakini kuna siku Sauti alidondosha kastabini yake, kile kikofia cha chuma kinachokinga kidole kisichomwe na sindano, ikabingiria mpaka chini ya mashine ya mbali. Ilikuwa kuukuu, imebonyea ubavuni, inamwumiza kidole, naye alishaizoea. Fundi aliiokota. Hakumrudishia papo hapo. Alikaa nayo, akaigonga taratibu juu ya ncha ya chuma, akaizungusha kwenye mwanga wa dirisha, akaigonga tena. Alipomletea ilikuwa mviringo kamili, na bado ina joto la kiganja chake. Sauti aliivaa. Alasiri nzima alishona vifungo kwa kidole chenye joto la mtu mwingine, na joto lile lilipoisha alijikuta anaangalia kidole chake kama kimefiwa.

Hayo ndiyo yote yaliyokuwa kati yao. Ukiyaandika hayajazi hata nusu ukurasa.

Kisha wiki moja, Jumatatu, fundi alimaliza kazi yake, akatema skrubu kiganjani, na akamweleza Mama Mkasi kwamba amepata kazi ya kudumu kwenye kiwanda kikubwa cha nguo, mji wa mbali. Jumamosi asubuhi anasafiri. Mama Mkasi alimpongeza na papo hapo akaanza kumlaumu, kwamba mashine zake sasa atamwachia nani. Sauti alikuwa anafunga kitabu. Walikuwa wamebakiza sura ya mwisho tu. Alikifunga bila kuweka alama, kisha akakifungua tena, kisha akakifunga.

Fundi alimjia huku amebeba sanduku lake.

"Dada, mimi hadithi hii naisikia vipande vipande. Nikija leo, kesho sipo. Naomba uniazime kitabu niisome yote kabla sijaondoka. Ijumaa nitakirudisha, msikie mwisho."

Sauti alimpa kwa mikono miwili. Alifurahi, nisikufiche. Alifurahi kwamba kitu alichokishika yeye kila siku kitalala nyumbani kwa fundi, juu ya meza yake, karibu na taa yake. Alikwenda nyumbani na furaha hiyo, na ikafika naye mpaka kwenye ungo wa mchele.

Nyumbani alikaa na shangazi yake, aliyemlea tangu wazazi walipofariki. Shangazi alikuwa na macho dhaifu. Kusoma hakuweza, ila hadithi alizipenda kupita kiasi. Kwa hiyo kila jioni, wakichambua mchele kibarazani kabla jua halijazama, Sauti alimsimulia sehemu waliyosoma mchana. Shangazi aliona mawe kwa vidole na watu wa hadithi kwa masikio.

Huyu shangazi alikuwa na sheria moja kuhusu wanaume: asiwe mtu wa begi. Mtu wa begi kwake ni yeyote ambaye kazi yake inabebeka. Mumewe aliondoka asubuhi moja na begi la kahawia kwenda kutafuta maisha, na mpaka leo hakuna hata salamu. Habari hiyo haikuzungumzwa. Ila matokeo yake yalizungumzwa kila wiki, kwa sababu shangazi alikuwa amempata mwenye stoo ya saruji, mtu mwema, aliyefiwa na mkewe, mwenye adabu zake, aliyemtaka Sauti kwa heshima zote na alikuwa anangoja jibu.

"Mtu wa saruji habebeki," shangazi alipenda kusema. "Hata akitaka kukukimbia, stoo itamshika shati."

Jioni ile Sauti alikuwa amesimulia mpaka pale mchimba visima anapopanda kutoka kisimani jioni na kumkuta mfuga kuku amemwekea maji ya kunawa. Akaeleza alivyofuta mikono. Vidole vya shangazi vikatembea kwenye ungo.

"Huyo mtu kovu lake liko wapi, umesema?"

"Kwenye nyusi."

"Ya kushoto."

"Ya kushoto, shangazi."

"Na anafuta mikono kidole kimoja kimoja, anaanza na cha mwisho."

"Ndiyo."

"Siku ile ya mvua nilipokuletea mwavuli kazini," alisema shangazi taratibu, "alitoka mtu chini ya cherehani, akanipisha njia. Macho yangu ni mabovu lakini alikuwa karibu kama ulivyo wewe. Hebu nieleze, mwanangu. Huyo mwandishi wa kitabu aliwahi kupita karakana kwenu?"

Mkono wa Sauti ulisimama ndani ya mchele.

Alijaribu kuuona ule ukurasa. Aliujua vizuri, ulikuwa na doa la chai pembeni. Akaiona mistari, mmoja baada ya mwingine. Mchimba visima alipanda. Akanawa. Akashukuru. Basi, mstari uliofuata ulikuwa wa kuku. Kovu halikuwepo. Kitambaa hakikuwepo. Akarudi nyuma kichwani, ukurasa kwa ukurasa: lile bega lililoshuka halikuwepo, wala ile tabia ya kubana msumari midomoni na kujibu kwa nyusi, ambayo wenzake waliichekea sana wiki iliyopita.

Ukimsomea mtu kwa sauti, jicho hutangulia na mdomo hufuata. Katikati hapo pana nafasi, ndogo tu, ya pumzi. Wengi wetu tunapita hapo bila kujua nani amekaa. Kwa Sauti alikuwa amekaa fundi, na sanduku lake, na kila siku aliinuka kidogo na kuingia kwenye hadithi, na Sauti alimsoma kama ameandikwa. Hakudanganya. Kwake yeye aliandikwa. Kosa kama hilo hulifanya msomaji tu, tena msomaji hodari.

Na haya yote aliyasoma mbele ya mwenyewe, aliyelala chali chini ya mashine akisikiliza. Na sasa mwenyewe anacho kitabu, anasoma kwa macho yake.

"Kilete hicho kitabu," shangazi alisema. "Nitamwomba jirani anionyeshe hapo kwenye kovu."

"Nimekiazimisha."

"Kwa nani?"

Shangazi aliupepeta ungo mara moja, makapi yakaruka, akapuliza yaliyobaki. Hakugomba. Hilo ndilo lililomtisha Sauti zaidi.

"Na mimi nilidhani namjua huyo mchimba visima," shangazi alisema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Kumbe wewe una wako, na mimi nina wangu."

"Wako ni nani, shangazi?"

"Chambua mchele." Kisha akaongeza: "Ijumaa nakuja kazini kwenu. Nataka nisikie mwisho kwa masikio yangu. Nikitoka hapo napitia kwa mwenye stoo, na nitampelekea jibu. Umri wako unaujua, na wangu unaujua."

Siku za katikati zilipita kama nguo nzito inayokataa kukauka. Saa ya sindano ikawa sindano tupu. Wanawake walishona huku wakimwomba Sauti awasimulie walau lolote, naye akasema kichwa kinauma. Alitazama pale ambapo fundi alizoea kulala, kwenye sakafu yenye doa la mafuta. Aliwaza atakavyofika kwenye ule ukurasa wa doa la chai. Pengine atacheka. Pengine atachukia, kama mtu aliyepigwa picha bila kuambiwa. Lakini lililomnyima raha ya chakula ni jingine: kwamba fundi atapita hapo bila kugutuka. Kwamba mchimba visima wa fundi ana uso wake mwingine, na mfuga kuku wa fundi ana uso wa msichana fulani wa mji fulani, na kovu hatalikumbuka hata kidogo. Hilo hakulitaka. Bora achukie.

Ijumaa shangazi alikuja amevaa nguo zake za kutokea, akawasalimu wote, akapewa kigoda karibu na meza ya pasi. Dada wa pasi alimwamkia kwa adabu ambayo haijawahi kuonekana karakanani. Mashine zilipozimwa, fundi aliingia. Hakuwa na sanduku. Alikuwa na begi la safari.

Shangazi aliligeukia lile begi, akalifuata kwa macho yake mabovu mpaka lilipowekwa chini.

Fundi alifuta mikono kabla ya kukitoa kitabu, ingawa siku hiyo hakuwa na tone la mafuta. Alianzia kidole cha mwisho. Mwanamke mmoja akamtazama mwenzake.

"Nimekisoma chote, dada," alimwambia Sauti kwa sauti ya chini, wakiwa wamesimama kwenye safu ya mashine.

"Umekionaje?"

"Kizuri. Ila kuna vitu nilivisikia hapa, nikavitafuta, sikuviona." Akangoja. Sauti alikuwa anaangalia kamba za viatu vyake. Fundi akaendelea kwa upole, kama mtu anayemfungulia mwenzake mlango wa nyuma. "Nikasema labda nilisikia vibaya. Si unajua, nilikuwa chini ya mashine."

Alichotakiwa Sauti ni kusema hapana. Neno dogo tu. Alikuwa nalo mdomoni, na aliona nyusi zile zinalingoja. Shangazi yuko pale, begi liko pale, wanawake wote wameinamisha vichwa juu ya vifungo na masikio wameyaacha juu.

"Labda," alisema.

Fundi alitikisa kichwa kukubali. Kovu lilishuka pamoja na nyusi, na Sauti alihisi kitu ndani yake kimebonyea ubavuni.

Mama Mkasi akaagiza sura ya mwisho isomwe, maana wengine wana safari kesho. Sauti akakaa, akafungua, akakohoa. Hakutoka kitu. Akajaribu tena, ikatoka pumzi. Mama Mkasi akamtazama juu ya miwani, akamtazama na fundi, akaamua.

"Fundi amekisoma. Fundi asome."

Basi alisoma. Alisoma kama mtu anayepita kwenye sakafu iliyotoka kudekiwa, kila neno analikanyaga kwa tahadhari. Kisima kimekwisha, maji yametoka, mchimba visima anafunga vitu vyake kuondoka. Wanawake walisikiliza kidogo, wakaanza kutazamana. Huyu mtu hawakumjua. Dada wa pasi ndiye aliyesema, akauliza kovu liko wapi, na mwingine akauliza mbona mikono hafuti, na Mama Mkasi akasema fundi anaruka maneno ili awahi kuondoka.

"Sijaruka, mama."

"Basi kovu?"

Fundi aliangalia ukurasa, akamwangalia Sauti, na Sauti aliona kwamba siri yake iko pale mkononi mwake, wazi, na anaweza kuiangusha.

"Sura hii ni ya alfajiri, mama," alisema fundi. "Bado giza. Kovu gizani halionekani."

Wakacheka, wakaridhika. Sauti hakucheka. Fundi alifungua ukurasa uliofuata, akavuta pumzi, na hapa sauti yake ikabadilika, ikaacha kuogopa sakafu.

"Mfuga kuku alikuwa amesimama mlangoni," alisoma. "Alikuwa na kawaida ya kulamba ncha ya uzi kabla ya kuupitisha sindanoni, na akimaliza sentensi sauti yake ilishuka kidogo, kama mtu anayeweka kikombe mezani asimwamshe mgonjwa. Kidoleni alivaa kastabini ya zamani. Mchimba visima alikuwa ameizoea sauti ile. Alikuwa akiharibu kazi makusudi ili aisikie kwa muda mrefu zaidi."

Hakuna sindano iliyotembea.

"Mfuga kuku avae kastabini?" aliuliza Mama Mkasi. "Anawashonea kuku?"

"Labda alikuwa anashona kidogo jioni, mama," alisema fundi. Jasho lilimtoka kwenye kovu.

"Na huyo anayeharibu kazi makusudi, kisima kinaharibiwaje?"

Dada wa pasi aliiweka pasi yake pembeni, akaziba mdomo kwa kitambaa cha kupigia pasi, mabega yanatikisika. Chumba kizima kilielewa kwa mara moja, kama taa zinavyowaka baada ya umeme kurudi.

Lakini shangazi hakucheka. Aliinua mkono kuomba kimya.

"Baba, malizia. Aliondoka hakuondoka?"

"Aliondoka, mama."

"Na huyo binti alimwambiaje?"

Fundi akakigeuza kitabu kuelekea kwa Sauti. "Mwulize dada. Mimi leo siaminiki."

Sauti aliinuka, akaja akasimama karibu naye, kitabu kiko katikati yao. Alitazama ukurasa. Kastabini haikuwemo. Uzi haukuwemo, wala kikombe, wala mgonjwa. Kulikuwa na mwanamke mlangoni tu, asiye na sura, na mahali pa sura yake mtu huyu aliyesimama hapa alikuwa ameweka ya kwake Sauti, yote, mpaka kidole. Sauti akasoma mstari wa mwisho kama ulivyoandikwa, bila kuongeza na bila kupunguza:

"Akasimama pale mpaka vumbi la barabara likatulia. Hakusema neno."

"Imeandikwa hivyo?" shangazi aliuliza. "Hujatia lako?"

"Imeandikwa hivyo, shangazi."

Mikono ya shangazi juu ya mapaja ilianza kutembea, taratibu, kama inachambua mchele usiokuwepo.

"Mimi mchimba visima wangu alikuwa na begi la kahawia," alisema. "Tangu jioni ya kwanza uliyoniletea hadithi hii nilimjua. Nikajua ataondoka. Nilikuwa nangoja tu huyo mfuga kuku anisemee lile neno, kwa sababu mimi siku ile lilinikaa hapa." Akashika koo. "Alisimama mlangoni, akaniangalia, akangoja. Mimi nikachukua ungo nikajifanya napepeta. Nikajiambia akinipenda atarudi mwenyewe. Sasa na huyu naye amenyamaza. Kitabu kizima, halafu ananyamaza."

"Neno gani, shangazi?" Sauti aliuliza.

"Unalijua. Mimi sitakusomea."

Nje mtu alikuwa anafagia, fagio linakwenda na kurudi kwenye saruji. Fundi aliinama, akashika mkanda wa begi lake, hakuliinua. Alikuwa anangoja. Sauti alimwona anavyongoja, akaona na shangazi anavyomwangalia, siyo kwa hasira, ila kama mtazamaji uwanjani ambaye zamani aliwahi kuucheza mchezo huo. Akakiweka kitabu juu ya mashine iliyozimwa. Hakikuwa mkononi tena. Maisha yake yote alikuwa na sauti ya kusifiwa, na kila alichowahi kusema kwa sauti hiyo kilikuwa kimeandikwa na mwingine.

"Shangazi, mwenye stoo ni mtu mwema, naomba umwambie hivyo kwa niaba yangu. Ila mimi sikumwona hata kwenye ukurasa mmoja." Akamgeukia fundi, na sauti ikatoka, imekwaruza, haikufanana na ile ya kusomea. "Hukusikia vibaya. Kovu niliongeza mimi. Mikono niliongeza mimi. Sikuwa namsoma mchimba visima, nilikuwa nakusoma wewe, na nilikuwa nasoma polepole ili usimalize mashine. Nataka kesho usiende. Na siku ambayo utalazimika kwenda, nataka nguo zangu ziwe ndani ya begi hilo, zimekunjwa pamoja na zako."